Kiatu cha Mashua Kipigwe Picha ya Soli

Tazama picha za viatu vya mashua, vile vya ngozi vyenye soli ya mpira isiyoteleza, popote vinapouzwa, utakuta pozi ni lile lile: jozi imekaa kiubavu, kimoja kimeegemea kingine, nyuma kitambaa cheupe, ngozi inang'aa. Soli huioni. Kwangu mimi hiyo ni picha ya nusu kiatu, tena ile nusu isiyo na habari.

Kiatu hiki kilibuniwa kuanzia chini. Mwaka 1935, huko Connecticut, Marekani, mpenda tanga mmoja aitwaye Paul Sperry alikuwa amechoshwa na kuteleza kwenye sitaha iliyolowa. Inasimuliwa kwamba alimwona mbwa wake, Prince, akikimbia juu ya barafu bila kuanguka, akazikagua nyayo zake na kukuta zimejaa mipasuko midogo. Akachukua kisu, akachanja mistari ya kupinda-pinda kwenye mpira. Ukikanyaga, michanjo inafunguka, maji yanapata pa kwenda, mpira unashika mbao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Jeshi la Majini la Marekani nalo likatumia viatu hivyo. Na ule weupe wa soli si urembo. Mpira mweusi huacha alama kwenye sitaha, na mwenye mashua hapendi kusugua.

(Mabaharia wetu wa majahazi hawakumngoja Sperry wala mbwa wake. Wao hupanda pekupeku, na sijasikia wakilalamika.)

Zangu nilizikuta Karume, Dar es Salaam, kwenye rundo la moka za mitumba. Rangi ya kahawia, kamba ya ngozi inayozunguka hadi kisigino, vitundu vya shaba vilivyoanza kuota kijani. Ndizo ninazozipenda kuliko viatu vyote nilivyonavyo, na ndizo ninazozipiga picha mara kwa mara bila sababu ya maana. Zipindue uone. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia mpira umelika mpaka michanjo imefutika kabisa, pamekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Sogea kidogo kuelekea uvungu wa unyayo, mahali pasipogusa ardhi, michanjo bado ina kina kile kile cha kiwandani. Mguu wa kushoto umelika upande wa nje ya kisigino. Kuna mtu aliyetembea hivyo kabla yangu, nami nimeendeleza alipoishia. Sehemu gani ni yake na gani ni yangu, hilo siwezi kuligawa. Picha ya upande haikuambii lolote katika hayo.

Sasa, kuipiga soli nyeupe kunahitaji akili kidogo. Simu ikiona ngozi ya kahawia imejaa kwenye kioo, inaongeza mwanga, na soli inaungua kuwa nyeupe tupu. Gusa soli kwenye kioo, kisha uburute kidole kushuka chini mpaka uone mistari inarudi. Ngozi itakuwa nyeusi kidogo; iache. Mwanga uje kutoka ubavuni, wa dirishani au wa barazani asubuhi, maana jua la saa sita linalotoka utosini hufuta kila mkwaruzo. Usisogeze simu karibu mno, pua ya kiatu itavimba kama imepigwa na ukuta. Rudi nyuma hatua moja, halafu vuta kwa zumu.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kukikunja kiatu. Kikiwa kimelala, michanjo yake imejifunga na hata jicho linaipita. Kishike kwa mkono mmoja, kikunje kana kwamba mguu uko ndani unataka kupiga hatua, na mistari yote inafumbuka kwa pamoja, mchanga ukiwemo ndani. Hapo ndipo pa kubonyeza. Mkono ukionekana pembeni sioni ubaya. Afadhali mkono kuliko kitambaa cheupe.

Kuna wanaoshikilia kwamba lazima kwanza usafishe, upake kiwi, uchomoe kamba uzifue. Kwa viatu vya kwenda harusini nakubali. Kwa hivi, hapana. Ule mstari mweupe wa chumvi unaozunguka ngozi juu kidogo ya mshono ndio unaoonyesha maji yalifika wapi. Ukiupaka kiwi umeufuta, na picha inabaki ya kiatu chochote cha dukani. Mwaka 1936 mpiga picha Mmarekani, Walker Evans, alivikuta viatu vya kazi vya Floyd Burroughs, mkulima wa Hale County, Alabama, akavipiga jinsi vilivyo, vimekauka na kujikunja juu ya udongo mtupu. Picha ile inatazamwa mpaka leo, na hakuna aliyeuliza mbona havijang'arishwa. Kama nina ugomvi nayo ni mmoja tu: soli hatuzioni.

Fundi wangu wa viatu haelewi haya yote. Kila nikimpelekea anataka kunipakia ile rangi nyeupe ya raba pembeni ya soli, bure kabisa, kwa sababu anaona aibu mteja wake atembee hivyo. Namwambia ashone tu. Na kushona anajua: mshono wa puani ulipofumuka aliurudia tundu kwa tundu, ila uzi aliokuwa nao siku ile ulikuwa wa nailoni, bluu ya nyavu za samaki. Nimeupiga picha huo pia, kwa karibu sana. Nilipoiweka kwenye status watu wakaanza kuuliza bei. Siuzi.