Nani ahariri jarida la sera? Hoja ya wanafunzi wa Tanga

Miongoni mwa wanaosoma shahada za umahiri na uzamivu hapa Tanga kuna wazo linalozungumzwa tena na tena: kuanzisha jarida la sera za umma litakalohaririwa na wanafunzi wenyewe, chini ya mwamvuli wa chuo kikuu. Makala wazichague wao, wawarudishie waandishi kazi zao na masahihisho, kisha wachape. Wahadhiri wakilisikia wazo hili, wengi hutikisa kichwa. Mwanafunzi bado anajifunza, wanasema, sasa atamsahihisha nani? Kwao jarida la kitaaluma ni kazi ya waliobobea, na makala hupimwa na wapitiaji wanaoijua mada kuliko hata mwandishi.

Hoja hiyo ina uzito. Inalinda ubora wa maandishi, na inagusa pia riziki za watu, maana mhadhiri hupanda cheo kwa makala zilizochapwa kwenye majarida yanayotambulika. Mwenye makala nzuri mkononi atakuwa na sababu ya kuipeleka kwingine. Hata hivyo naamini wanaolipinga wazo hili wanamfikiria mwanafunzi asiyekuwepo, na wanaielewa vibaya kazi ya mhariri wa jarida la sera.

Mwanafunzi wa shahada ya juu wa Tanga si kijana wa miaka 22 anayelala bwenini. Huyo anayesoma kupitia kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria mara nyingi ni mtumishi: afisa mipango wa halmashauri, mwalimu mkuu, muuguzi mwenye zamu, mhasibu. Asubuhi yuko kazini, usiku anasoma watoto wakishalala. Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho utawala wa umma ndiyo fani yake ya asili, kinajenga kampasi wilayani Mkinga, na wengi watakaoingia huko watakuwa watu wa aina hiyo hiyo. Mtu aliyekaa miaka 10 akipokea miongozo ya bajeti kutoka wizarani anajua mahali sera inapokwama. Ukimletea makala inayosema fedha za vijiji "zilitolewa kwa wakati", atakuuliza ziliingia mwezi gani. Swali hilo profesa anaweza asilifikirie kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Kuna kisa kimoja nataka nikisimulie kwa urefu, kwa sababu kila ninapokirudia naona kinasema zaidi ya kinavyotajwa.

Mwaka 2010 wachumi wawili wenye majina makubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha katika jarida la American Economic Review makala fupi kuhusu madeni ya serikali. Ndani yake mlikuwa na takwimu moja iliyozunguka dunia: katika nchi tajiri, tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, kila deni la serikali lilipovuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi kwa wastani haukukua, bali ulisinyaa kwa asilimia 0.1. Ulaya na Marekani zilikuwa zinatoka kwenye mtikisiko wa fedha, na wanasiasa waliotaka kubana matumizi ya serikali waliishika takwimu hiyo kwa mikono miwili.

Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa zoezi la darasani: chukua makala mashuhuri, rudia hesabu zake. Akarudia, zikakataa kulingana. Akawaandikia waandishi, nao, kwa uungwana unaostahili kutajwa, wakamtumia faili lao la Excel. Alipolifungua aliona kwamba hesabu ya wastani ilikuwa inasoma mstari wa 30 hadi wa 44, badala ya 30 hadi 49. Nchi tano zilikuwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Baadhi ya miaka ya nchi nyingine haikuingizwa. Na uzito wa kila nchi ulikuwa sawa bila kujali ilikaa miaka mingapi kwenye deni kubwa. Uingereza, yenye miaka 19 ya ukuaji wa wastani wa asilimia 2.4, ilihesabiwa sawasawa na New Zealand, iliyoingia kwa mwaka mmoja tu wa 1951, mwaka ambao uchumi wake ulishuka kwa asilimia 7.6.

Kundi la nchi zilizovuka asilimia 90 lilibaki na nchi saba. Gawanya 7.6 kwa saba: mwaka mmoja wa nchi moja ya watu wachache ulipunguza wastani wa wote kwa zaidi ya asilimia moja nzima. Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walipoziweka sawa hesabu mwaka 2013, ile hasi 0.1 ikawa chanya 2.2. Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili: 2.2 bado iko chini ya ukuaji wa nchi zenye deni dogo, na Reinhart na Rogoff, wakikiri kosa la faili, walisimamia msimamo wao kwamba deni kubwa huenda pamoja na ukuaji hafifu. Kilichoanguka ni ule mstari wa asilimia 90 uliokuwa umesimamishwa kama ukingo wa shimo.

Miaka mitatu takwimu ile ilipita mikononi mwa mawaziri wa fedha, washauri wao, wahariri wa magazeti makubwa na maprofesa wasiohesabika. Faili lilikuja kufunguliwa na mwanafunzi aliyekuwa na zoezi la kukusanya. Jambo hili lina sababu zake. Kukagua hesabu ya mwenzako hakumpandishi mtu cheo. Jina kubwa hutosha kuwa dhamana, na mkubwa akimdai mkubwa mwenzake faili huonekana anamvunjia heshima. Mwanafunzi hana heshima ya kulinda wala muda wa kuamini jina, yeye anaogopa tu kufeli, na hofu hiyo inamfanya arudie hesabu. Kuhariri jarida la sera, kwa sehemu kubwa, ni kazi hiyo: kudai chanzo, kurudia jumla, kuuliza mwaka huu umeanzia wapi.

Mpinzani ana jibu, na ni zuri. Atasema makala ile ilitoka kwenye toleo la mkutano lisilopitiwa kwa utaratibu wa kawaida, na kwamba Herndon hakuwa mhariri, alikuwa mwanafunzi chini ya walimu. La kwanza ni kweli, lakini upitiaji wa kawaida nao haujawa ngao. Mwaka huo huo wa 2013 John Bohannon aliandika katika jarida la Science jinsi alivyotuma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304, na 157 yakaikubali. Mengi yalikuwa majarida ya kuchuma ada kwa waandishi, si yote. La pili nalichukua lote kama lilivyo, kwa sababu ndilo linalotuonyesha umbo linalofaa: mwanafunzi anashika kalamu, mwalimu yuko karibu. Wanaotaka jarida hapa hawajasema wanataka kuwafukuza walimu.

Upime mjadala huu kwa jambo la hapa nyumbani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wanunuzi walijitokeza kuzidi kiasi kilichotakiwa. Ni hatua ya kujivunia, mamlaka ya maji ya mkoa kwenda sokoni yenyewe bila kusubiri mfadhili. Lakini riba juu ya kiasi hicho chote ni takriban bilioni 7.17 kwa mwaka, na inatakiwa itoke kwenye mapato ya maji. Bei ya maji haipangwi na mamlaka peke yake, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo huidhinisha. Na maji yenyewe yanatoka Bwawa la Mabayani, linalolishwa na mto Zigi, ambao nao unategemea misitu ya Amani kubaki imesimama. Kwa hiyo kuna mnyororo mzima kutoka kwa mkulima wa milimani Muheza hadi mwenye mita Ngamiani, na mwenye fedha zake Dar es Salaam anauangalia.

Makala inayoufuata mnyororo huo kwa hesabu, kwa Kiswahili, kurasa 15, ambayo diwani anaweza kuisoma akaelewa anachoulizwa kwenye kikao: jarida gani la kimataifa litaichapa? Majarida hayo yana kazi zake na wasomaji wake, na kwao Tanga ni mfano mmoja katika jedwali. Watauliza makala inaongeza nini kwenye nadharia. Ni swali halali, ila mwenye mita hahitaji jibu lake. Vivyo hivyo kwa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko ndani ya Tanzania. Fidia ya ardhi katika njia hiyo ni suala la sera linalohitaji mtu wa kukaa na majedwali ya uthamini, kijiji kwa kijiji, tena kwa miaka. Mwanafunzi anayeishi Tanga anaweza. Na mhariri anayejua Chongoleani iko wapi atagundua haraka mwandishi asiyewahi kufika.

Uzoefu wa kwingine upo. Harvard Law Review, iliyoanza 1887, inahaririwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, na makala ya Samuel Warren na Louis Brandeis kuhusu haki ya faragha, ambayo mahakama na wasomi wanaitaja mpaka sasa, ilitoka humo mwaka 1890. Jarida la mambo ya kimataifa la Chuo Kikuu cha Columbia lipo tangu 1947 na wahariri wake ni wanafunzi. Lawama nazo ni za zamani. Fred Rodell, mwalimu wa sheria Yale, aliyashambulia majarida ya sheria mwaka 1936 kwa maandishi mazito yasiyosomeka.

Karibu zaidi nasi kuna Cheche, lililoanzishwa na wanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969. Lilichapa kama toleo maalumu uchambuzi mrefu wa Issa Shivji, wakati ule mwanafunzi wa sheria, kuhusu nani hasa alikuwa akinufaika na mashirika yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha. Mmoja wa waliokuwa kwenye bodi yake ya uhariri, Zakia Meghji, alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Cheche lilikuwa jarida la harakati, lenye upande wake, na anayetafuta mizani ndani yake hataipata. Lakini lilidai hesabu za mikataba ya menejimenti, ile iliyowapa wageni kazi ya kuendesha mashirika hayo, wakati ambapo wengi waliridhika na tangazo la utaifishaji. Mwaka 1970 lilipigwa marufuku.

Hapo ndipo zinapoanza pingamizi ambazo zinanisumbua kweli. Ya wanafunzi kuondoka baada ya miaka miwili ni ndogo. Mkutubi wa chuo au katibu wa kudumu anaweza kutunza kumbukumbu na taratibu. Ya mwajiri ni kubwa. Yule afisa mipango niliyemsifu ndiye huyo huyo asiyeweza kuhariri kwa uhuru makala inayoikosoa halmashauri inayomlipa. Itabidi ajitoe kwenye kila makala inayogusa ofisi yake, na katika mkoa wenye wahariri wachache, kujitoa huko kutaacha viti vitupu. Kuna sheria pia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu za kupinga zile rasmi; mwaka 2019 makali hayo yaliondolewa. Mhariri mwanafunzi anapaswa kuijua historia hiyo kabla hajachapa jedwali lake la kwanza, na chuo kinapaswa kusema wazi kwamba kitasimama naye.

Zito kuliko yote ni la mwalimu. Mhadhiri akileta makala, na mhariri wake ni mtu ambaye tasnifu yake inasubiri sahihi ya mhadhiri huyo, hakuna uhariri hapo. Kuficha majina hakutoshi mahali ambapo wahadhiri wa fani moja ni wachache na kila mmoja anajulikana kwa uandishi wake. Njia ninayoiona ni moja, nayo ina gharama: jarida lisipokee makala za wahadhiri wa chuo kile kile. Litapoteza waandishi wazuri. Litapoteza pia uungaji mkono wa baadhi yao.

Walimu wabaki na nafasi iliyo wazi. Kila makala yenye hesabu isomwe na wasomaji wawili waliobobea, mmoja kutoka nje ya chuo, na wawe na uwezo wa kuizuia isichapwe kwa sababu moja tu, kosa la mbinu, lililoelezwa kwa maandishi. Mwandishi apewe maandishi hayo. Uchaguzi wa mada, lugha ya jarida, ukali wa hitimisho na mpangilio wa toleo ubaki kwa wanafunzi. Na kila mwandishi aambatanishe faili la hesabu zake, liwekwe mahali ambapo msomaji yeyote anaweza kulifungua.