Sindimba ya dakika saba

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani nimeudhika hata chakula hakikupita. Kulikuwa na uzinduzi hapa Mtwara mjini: maturubai, viti vimevishwa vitambaa, spika zinapiga kelele tangu asubuhi. Kikundi cha ngoma kililetwa na Fuso kutoka vijiji vya Newala. Walifika saa mbili. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Muda wote huo wachezaji walikaa chini ya mwembe nyuma ya turubai, na mzee mmoja alikuwa amepakata kinyago chake kimefunikwa khanga, kama mtu anayemlinda mtoto aliyelala.

Zamu yao ilipofika, walipewa dakika saba. Niliangalia saa. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ndiyo kwanza imekolea, kinyago kimetoka na kuzunguka uwanja mara moja tu, mshereheshaji akashika kipaza sauti: tunawashukuru sana, muda umetubana. Hotuba iliyofuata ilikwenda dakika hamsini.

Jioni mpwa wangu akanionyesha kwenye simu kipande cha The Lion King, ile ya jukwaani New York. Akasema, "Mjomba, hii ndiyo sanaa sasa." Sikumgombeza. Alikuwepo pale uwanjani mchana, na alichokiona ndicho kilichomfundisha.

Nilimwambia aangalie tena. Mchezo ule umo jukwaani tangu 1997 na bado unachezwa. Wimbo wa kufungulia unaanza kwa Kizulu, na majina ya wahusika, Simba na Rafiki, ni maneno yetu. Aliyeuongoza, Julie Taymor, mwaka 1998 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony, ile kubwa ya michezo ya jukwaani Marekani, ya uongozaji wa mchezo wa muziki, na silaha yake kubwa ilikuwa vinyago. Kule kinyago cha simba kinakaa juu ya kichwa na uso wa mwigizaji unabaki wazi, ili uone mnyama na mtu kwa pamoja. Kwetu kinyago kinameza kichwa chote, mchezaji anachungulia kupitia mdomo wake, na asiyepita jandoni hatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Ni akili mbili tofauti, na hii ya kwetu haina cha kuionea haya ile.

Watu wetu wakiitamani Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, hutamani taa na mapazia. Mimi natamani kitu kimoja tu: kule mchezo unarudiwa. Mara nane kwa wiki. Kumbi zenyewe ni 41, nyingi zimebanana kwenye mitaa ya pembeni karibu na Times Square, na kila jioni watu walewale wanapanda jukwaani kusema maneno yaleyale. Kabla ya usiku wa uzinduzi hucheza wiki kadhaa mbele ya watu waliolipa kiingilio, huku wakikata hapa na kuongeza pale. Mwigizaji akiugua, yupo wa akiba aliyekwishajifunza kila neno. The Phantom of the Opera ulianza Januari 1988 ukafungwa Aprili 2023, baada ya kuchezwa mara 13,981.

Sisi tunacheza mara moja, basi.

Nilipokuwa sekondari Lindi tulicheza tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mtu wa huku huku Kusini. Ilitoka 1969, na inasimulia vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 katika vilima vya Matumbi, Kilwa. Tulifanya mazoezi muhula mzima. Kijana aliyekuwa Kinjeketile alikuwa anapiga kelele kila sentensi. Mwalimu alimsihi apunguze, wapi. Siku ya mahafali sauti ikamkauka. Alipofika pale mwisho, Kinjeketile yuko kifungoni na anakataa kusema kwamba maji ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, ilimbidi aseme polepole, karibu kwa mnong'ono. Bwalo zima likanyamaza. Mpishi mmoja alisimama mlangoni na mwiko mkononi, uji unamdondokea mguuni asijue. Yule kijana usiku ule ndipo alipompata Kinjeketile. Kesho yake viti vilirudishwa madarasani, mashuka tuliyofanya mapazia yakarudi mabwenini, na hakucheza tena maisha yake yote. Hilo linaniuma mpaka leo. Muhula mzima wa jasho ulimfikisha mlangoni, na mlango ukafungwa palepale.

Nakubali, Broadway ina yake. Tiketi ni zaidi ya dola mia kwa wastani, na michezo mingi hufungwa bila kurudisha mtaji. Na huku tuna tamasha la ngoma la Makuya, lililochukua jina kutoka Makonde, Makua na Yao, nalo naliheshimu. Lakini tamasha ni siku chache, kisha kila mtu anarudi shambani. Maigizo ya miradi nayo huisha mradi unapoisha. Shuleni tamthilia inasomwa kwa ajili ya mtihani, wanafunzi wameketi.

Msiniambie watu hawatalipa. Watu wa Mtwara wanalipa kibanda umiza kutazama mpira kila wikiendi kubanana kwenye mabenchi na joto lile. Tuanze hapohapo. Kikundi kimoja, hadithi moja yenye nyimbo, ngoma na kinyago, kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa hadi mwisho wa mwaka. Kiingilio cha kibanda umiza. Wiki ya kwanza watakuja ndugu wa wachezaji. Wiki ya nne kuna mtu wa Mikindani atamleta jirani yake, kwa sababu wimbo aliusikia sokoni. Halmashauri ikitaka kusaidia, itupe ukumbi siku hizo mbili, bila mgeni rasmi.

Siku ile ya uzinduzi, kabla wachezaji hawajaondoka, nilimfuata yule mzee. Nikamwamkia, nikamuuliza ngoma yao ikichezwa yote inachukua muda gani.

"Kwetu, mwanangu? Jua linatukuta uwanjani."

Akaifunga khanga mafundo mawili juu ya kinyago, akampa kijana aliyekwishapanda kwenye Fuso, naye akanyoosha mkono avutwe.