Kulia si kukosa imani
Eti mgonjwa mwenye imani ya kweli halii wala haogopi, ndivyo inavyodai makala moja niliyosoma kuhusu imani na ugonjwa. Napinga. Mama yangu, hapa Tanga, aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Usiku wa kuamkia safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwenda kupigwa mionzi, alilia sana, rozari mkononi. Mtume Paulo alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timotheo 4:20) na wala hakumlaumu kwa kukosa imani. Kilichomshikilia mama ni wanajumuiya wenzake wa kanisani waliokuja kwa zamu, wakampikia uji, wakasali kwa kifupi akichoka, bila kumuuliza ametenda dhambi gani (jamani, swali hilo linaumiza!). Na morfini ya maji ilipotuliza maumivu, akaweza kusali tena. Huko kwenu wagonjwa mnawaombeaje?