Hoja mbovu, hofu ya kweli: tunavyobishana kuhusu Kiswahili Uganda

Mada ya Kiswahili ikizuka ndani ya taksi inayotoka Kampala kwenda Mukono, kabla hamjafika Banda mtakuwa mmeshasikia karibu kila hoja. Mmoja atasema ni lugha ya wanajeshi na wezi. Wa pili atasema ndiyo itakayotuunganisha, tazameni Tanzania. Wa tatu hatagusa lugha kabisa. Atamgeukia wa pili na kumwuliza Wakenya wamemlipa kiasi gani. Abiria watacheka, na kicheko hicho ndicho kitakachohesabiwa kuwa ushindi.

Suala lenyewe ni zito kuliko hivyo. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima, tena la kutahiniwa, katika shule za msingi na sekondari. Mzazi anayeambiwa hivyo anastahili hoja bora kuliko za kwenye taksi.

Tuanze na wanajeshi. Historia hiyo haikubuniwa. Kiswahili kilitumika katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kikabaki kambini baada ya uhuru wa 1962, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikuwa wamekizoea kwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Kosa linaingia pale tunapokihukumu kitu kwa mikono iliyokishika. “Mtoto wa nyoka ni nyoka,” tunasema, na tunadhani tumethibitisha jambo. Basi tukumbuke kwamba wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na kumng'oa Amin, nao walikuwa wakipeana amri kwa Kiswahili. Na Kiingereza, ambacho hakuna anayekidai toba, kililetwa na nani?

Hata hivyo, hapa ndipo wapenzi wa mantiki wanapoharakisha. Mzee wa Luwero aliyepitia vita vya miaka ya 1980 akikwambia kwamba Kiswahili kinamshtua mpaka leo, hajajenga hoja ya kubomolewa. Ametoa ushahidi. Ukimjibu kwamba “hilo ni kosa la kimantiki,” umeshinda mchezo ambao yeye hakuwa anaucheza. Ushahidi wake hautoshi kuifungia lugha mlango wa darasa, lakini unamweleza mwalimu kwa nini baadhi ya watoto hawapati hata neno moja la Kiswahili nyumbani.

Upande wangu, yaani wetu tunaokitaka Kiswahili, hauna usafi wa kujivunia. Hoja yetu kipenzi ni Tanzania: wana Kiswahili, wana utulivu, kwa hiyo Kiswahili kimeleta utulivu. Vitu viwili kukaa pamoja si lazima kimoja kiwe kimekizaa kingine. Zanzibar, kitovu cha Kiswahili sanifu, ilimwaga damu Januari 1964 na waliouana walielewana vizuri sana. Wanyarwanda wana lugha moja. Haikuwaokoa mwaka 1994. Somalia vilevile. Tanzania ilikuwa na mambo mengine pia: makabila zaidi ya mia moja ambayo hakuna lililokuwa kubwa kiasi cha kuyameza mengine, na siasa za Nyerere za kutoendekeza ukabila. Tunachoweza kudai bila aibu ni kidogo zaidi: kwamba lugha ya pamoja hurahisisha mwalimu wa Bukoba kupangiwa kazi Mtwara na kueleweka. Urahisi huo ni faida kubwa, ila amani ni dai jingine na linahitaji ushahidi wake.

Na tabia ya kumwita kila anayepinga “mkabila” tuiache. Hata kama kweli ni mkabila, hoja yake bado inasubiri jibu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayedaiwa kulipwa na Wakenya.

Hofu kwamba Luganda, Runyankore au Acholi zitakufa ndiyo inayonipa kazi zaidi. Kwa umbo ni lile kosa la mteremko, la kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi jangani: leo somo moja, kesho watoto hawajui lugha ya bibi yao. Anayesema hivyo ana wajibu wa kuonyesha kila hatua ya katikati, na wengi hawaonyeshi. Luganda ina redio nyingi na gazeti la Bukedde linalochapishwa tangu 1994. Haitauawa na vipindi vichache vya Kiswahili kwa wiki. Lakini baadhi ya hatua hizo zipo kweli. Tanzania haikuzipa lugha za makabila nafasi ya kufundishia shuleni, na vijana wengi wa mijini hawazisemi tena. Nyuma zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana Gowers, Mwingereza aliyetawala Uganda, alipotaka Kiswahili kitumike shuleni na katika utawala, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga kwa maandishi, wakati Waingereza wakijadili kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na walowezi wa Kenya wakiwa na sauti kubwa. Hatari ya Buganda kumezwa haikuwa njozi. Kwa hiyo swali si kama hoja ina umbo la mteremko; swali ni kama mteremko wenyewe upo, na una utelezi kiasi gani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokariri majina ya makosa ya hoja kama dua. Aristotle aliorodhesha 13, na orodha imerefuka tangu hapo. Ni elimu nzuri. Lakini hoja mbovu inaweza kutetea jambo la kweli, na anayesema “umekosea mantiki, kwa hiyo si kweli” amekosea yeye pia. Methali zetu zinafundisha vivyo hivyo. “Samaki mmoja akioza, wote wameoza” ni uzushi ukiwazungumzia madereva wa bodaboda, lakini kwa mnunuzi wa samaki wa Ggaba ni tahadhari ya busara. “Wengi wape” haithibitishi kwamba wengi wamesema kweli.

Jambo ambalo pande zote mbili hulikwepa limo katika Katiba yenyewe: Kiswahili kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mazingira gani, basi? Mahakamani Moroto, ambako mshtakiwa anazungumza Karimojong? Kwenye forodha ya Busia, ambako wafanyabiashara wanakitumia kila siku bila kumsubiri mbunge? Na walimu watatoka wapi, kwa mshahara gani? Maswali haya hayachekeshi mtu ndani ya taksi, lakini majibu yake yanaweza kukaguliwa, na kukataliwa yakiwa mabovu.