Kariakoo na Risiti: Nani Hasa Anakwamisha Mageuzi ya Kodi?

Mei 2023 maduka ya Kariakoo, soko kuu la Dar es Salaam, yalifungwa kwa mgomo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza wafanyabiashara hadharani pale Mnazi Mmoja. Usajili wa stoo zao za mizigo ukasitishwa na kikosi kazi cha kodi walichokilalamikia kikavunjwa. Juni 24, 2024 milango ikafungwa tena, na safari hii mgomo ukafika hadi mikoani. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba wafanyabiashara, kwa kuwa wana nguvu ya kuitikisa Serikali, ndio wanaozuia uchumi wetu kuingia katika zama za kumbukumbu na risiti za kielektroniki.

Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu na muuguzi hukatwa kodi kabla mshahara haujawafikia, wala hawana fremu za kufunga ili wasikilizwe. Kila Serikali inapolegeza masharti kwa kuogopa mgomo, mzigo hubaki kwa hao hao.

Lakini wanaolaumu hawajasimama kaunta kupiga hesabu. Tuchukue mfano wa jora la kitambaa lenye thamani ya shilingi 90,000 linapoingia nchini, ambalo kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 linamfikia mwenye duka kwa 106,200. Akiliuza 118,000 na kutoa risiti ya EFD, yaani mashine ya kodi ya kielektroniki, anadaiwa VAT ya 18,000. Akiwa na nyaraka za forodha kwa jina lake, anarejeshewa 16,200 aliyokwisha kulipa, anapeleka 1,800 tu na kubaki na faida ya 10,000. Sasa mnyang'anye zile nyaraka. Atapeleka 18,000 yote, abaki na 100,000 kwa mzigo uliomgharimu 106,200, yaani hasara ya 6,200 kwa sababu tu amekuwa mwaminifu. Jirani yake asiyetoa risiti anauza jora hilo hilo kwa 112,000, anapata faida ya 5,800, na mteja anahamia kwake.

Na wasio na nyaraka ni wengi. Mwenye mtaji mdogo hawezi kujaza kontena peke yake kutoka China. Mzigo wake huchanganywa na wa wenzake, na kodi hulipwa bandarini kwa jina la msafirishaji. Ndiyo maana mteja wa Kariakoo huulizwa kwanza, "Na risiti au bila risiti?", kisha hutajiwa bei mbili. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa wadogo, ila aliye juu ya kiwango hicho na mzigo wake umekuja katika kontena la pamoja aliachwa palepale alipokuwa.

Kwa hiyo kizuizi cha kisiasa kipo, ila tumekitafuta upande usio wake. Kumkamata muuzaji wa rejareja, au hata mteja aliyebeba mfuko bila risiti, ni rahisi na huonekana; kumbana msafirishaji mkubwa aorodheshe kila mwenye mzigo kunagusa watu wenye sauti serikalini kuliko muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo. Tume ya maboresho ya kodi iliyoundwa na Rais Samia mwaka 2024, chini ya Balozi Ombeni Sefue, naipima kwa jambo hilo moja: iwapo mwenye majora kumi ndani ya kontena la watu arobaini atatoka bandarini na karatasi yenye jina lake.