Esposito: jina hili linathibitisha nini hasa?

Wapenzi wa Serie A wamelizoea jina Esposito mgongoni mwa jezi. Jijini Napoli ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi, na katika Italia nzima limo miongoni mwa machache ya juu kabisa, pamoja na Rossi, Russo na Ferrari. Lakini halijazaliwa kama wenzake. Ferrari ni kazi, ya uhunzi. Rossi na Russo ni rangi, wekundu wa nywele au ndevu. Esposito ni neno la daftari. Asili yake ni Kilatini, expositus, "aliyewekwa nje", na aliyewekwa nje ni mtoto mchanga aliyeachwa.

Ubishi unaanzia hapo. Wapo wanaosema kwamba kila Esposito, upande wake wa kuumeni, anaishia kwa mtoto wa kuokotwa, na mjadala umefungwa. Wengine wanajibu kwamba jina lililobebwa na watu wengi kiasi hicho haliwezi tena kusema lolote juu ya mtu mmoja.

Hoja ya kwanza ina mizizi mirefu. Nyumba ya Annunziata ya Napoli, makao ya kulea watoto walioachwa yaliyoanza karne ya 14, ilikuwa na ruota, yaani pipa la mbao lililozunguka ndani ya tundu la ukuta. Mleta mtoto alimlaza ndani, akalizungusha, akagonga kengele na kwenda zake bila kuonwa uso. Upande wa ndani, mpokeaji aliandika siku na saa, umri wa kukadiria, nguo alizovaa mtoto, na chochote alichoachwa nacho: nusu ya medali, kipande cha karata, utepe. Shingoni alifungwa merco, lakiri ya madini ya risasi. Akabatizwa, akapewa jina, na pale palipotakiwa jina la ukoo pakaandikwa Esposito. Ruota hiyo ilifungwa mwaka 1875.

Miji mingine ilifanya vivyo hivyo kwa maneno yake. Roma ilitoa Proietti, "waliotupwa". Firenze ilitoa Innocenti na Nocentini, kutokana na Spedale degli Innocenti, makao ya watoto walioachwa, iliyopokea mtoto wake wa kwanza mwaka 1445. Bologna ikatoa Degli Esposti. Milano ilitumia Colombo, "njiwa", kwa sababu nembo ya Ospedale Maggiore, hospitali iliyopokea watoto hao, ilikuwa njiwa, na desturi hiyo ikaendelea hadi 1825.

Colombo ndilo linalotia mchanga kwenye kitumbua cha hoja hii. Hospitali ya Milano ilianzishwa mwaka 1456, ilhali baharia Cristoforo Colombo alizaliwa Genova mwaka 1451, katika ukoo uliokwisha kuitwa hivyo. Njiwa lilikuwa pia jina la kawaida la mtu, na jina la mtu hugeuka la ukoo bila hospitali yoyote kuingia kati. Kwa hiyo Colombo, bila hati, halithibitishi kitu. Esposito ni tofauti, maana neno lenyewe halina maana ya pili ya kukimbilia. Kwa hilo nakubaliana na upande wa kwanza: mwanzoni mwa karibu kila mstari wa Esposito yupo mtoto aliyeachwa. Kosa lao ni kudhani kwamba hapo wameshajua jambo kubwa.

Kwanza, jina halisemi ni lini. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kila parokia iwe na daftari, na kutoka hapo majina ya ukoo yakazidi kushikamana na familia. Sisi tuliozoea mtu kuitwa kwa jina la baba na la babu, likibadilika kila kizazi, tunasahau jinsi jina lililoganda linavyoweza kusafiri mbali na tukio lililolizaa. Mtoto aliyeachwa karne ya 17 anaweza kuwa na vizazi kumi mfululizo vya wazao waliozaliwa ndani ya ndoa, wote Esposito.

Pili, wingi wa sasa haulingani na wingi wa walioachwa. Watoto wengi wa Annunziata walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Maziwa yalikuwa haba na magonjwa yalienea upesi. Waliopona, nusu walikuwa wasichana, na mwanamke hakuwarithisha watoto wa ndoa jina lake. Waliobaki kulieneza jina ni wachache, kila mmoja chanzo chake. Wengi walipelekwa vijijini kwa wanawake wa kunyonyesha, ndiyo maana akina Esposito wamejaa hata mbali na jiji. Wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa hawana undugu hata kidogo. Anayewauzia hao wote nembo moja ya ukoo, tena yenye simba, anafanya biashara ya kuchekesha.

Tatu, kuachwa si lazima kuwa mwana wa nje ya ndoa. Wenye ndoa halali waliowaacha watoto kwa njaa walikuwepo wengi, na nusu ya medali iliwekwa ili siku moja waje na nusu nyingine. Watoto waliochukuliwa tena na wazazi walirudi na jina la familia yao. Aibu inayobandikwa juu ya Esposito imekosea anwani.

Mstari wenyewe basi huamuliwa kwa karatasi. Anza na manispaa: omba copia integrale, yaani nakala kamili, ya cheti cha kuzaliwa, si muhtasari, kwa kuwa maelezo ya pembeni, kama ndoa na kutambuliwa na mzazi, huonekana humo. Usajili wa dola ya Italia ulianza mwaka 1866. Kabla ya hapo, ufalme wa Napoli ulikuwa na usajili wa kiraia tangu 1809, Sicilia tangu 1820, na sehemu kubwa ya madaftari hayo inasomeka bure kwenye Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za dola ya Italia. Nyuma zaidi kuna vitabu vya parokia.

Mahali penye utajiri ni processetti, viambatisho vya ndoa vya 1809 hadi 1865. Ili kuoa, bwana harusi alileta cheti chake cha kuzaliwa, na kama baba amekufa, cheti cha kifo cha baba, kisha cha babu wa kuumeni, kwani ridhaa ilibidi itoke kwa mkubwa aliye hai. Bahasha moja inaweza kukuvusha vizazi vitatu.

Wengi hukwama kwenye mambo matatu. Neno esposito linaweza kuwa maelezo ya hali ya mtoto na si jina lake. Herufi kubwa haisaidii, makarani waliipachika popote. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake, hivyo kijiji kimoja huwa na akina Gennaro Esposito watatu wa rika moja. Watenganishe kwa jina la mama, kazi ya baba na mtaa. Na Sposito, D'Esposito na Esposito vinaweza kubadilishana kwa mtu yuleyule, kwa hiyo tafuta faharasa chini ya E, S na D.

Usitegemee pia kwamba kila aliyeachwa aliitwa Esposito. Chini ya Joachim Murat, mfalme wa Napoli 1808 hadi 1815, jina hilo lilikatazwa na maofisa wakaanza kubuni mengine. Madaftari ya baada ya hapo yana watoto wa ruota wenye majina ya maua, ya miezi, au yasiyo na maana yoyote, na sheria ya mwaka 1939 ikapiga marufuku kabisa majina yanayofichua asili hiyo. Hivyo mwenye jina la kupendeza la waridi huenda yuko karibu zaidi na ruota kuliko Esposito wa jirani yake, na namna ya kujua ni kufungua cheti cha yule wa kwanza kabisa na kusoma alikuwa amevaa nini.