Geti jipya, karo la zamani: nini hasa kinapandisha bei ya nyumba Tanga?

Dalali mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, ana picha kwenye simu yake ambayo humwonyesha kila mwenye nyumba anayetaka kuuza. Ni takwimu za Marekani za mwaka 2024, zinazolinganisha gharama ya ukarabati na kiasi kinachorudi nyumba ikiuzwa. Mlango mpya wa gereji umekaa juu kabisa: kila dola 100 zilirudi kama 194. Mlango wa mbele wa chuma unafuatia kwa 188. “Unaona, bosi wangu?” akaniambia. “Wazungu wenyewe wanasema geti.”

Hawakusema geti. Lakini tusimcheke haraka, maana hoja anayo. Mnunuzi wa siku hizi huiona nyumba kwanza kwenye simu, na mara nyingi yuko Dar es Salaam au Arusha. Picha haina harufu. Rangi mpya, taa zinazowaka zote, ua uliofyekwa, geti lisilo na kutu: ni kazi ya wiki mbili na pesa ya kuhesabika, na ndiyo inayomfanya mtu apande basi kuja kutazama. Nyumba isiyotazamwa haiuziki. Tena yuko muuzaji aliyebanwa na matibabu, au na mirathi inayongojewa na ndugu saba. Huyo huwezi kumwambia abomoe plasta akae asubiri ikauke. Apake rangi auze, na mnunuzi afumbue macho.

Ila jedwali lisomwe hadi chini. Jiko la kifahari, lile la makabati ya bei mbaya, lilirudisha chini ya dola 40 kwa kila 100. Dalali wetu amekata picha kabla ya kufika hapo. Na hizo namba za juu nazo zina maswali: bei ya kuuzia iliyomo ni makadirio ya watu wa soko la nyumba, si hesabu ya mauzo ya nyumba moja moja. Swali kubwa zaidi ni hili: nyumba ya Mmarekani ilikuwa na nini kabla ya kubadilishiwa mlango? Maji ya bomba yasiyo na mgawo, choo kinachovuta, paa lisilovuja, mipaka iliyosajiliwa. Mlango ule ni kilemba juu ya mtu aliyekwisha kuvaa kanzu. Sisi tunakimbilia kilemba, kanzu bado iko kwa fundi.

Tanga, kanzu hiyo inaanza na chumvi. Msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, plasta ilichanganywa kwa mchanga wa pwani, maji ya masika yanamwagika kutoka kwenye bati na kusimama ukutani. Unyevu unapanda, unakauka usoni mwa ukuta. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ikijikusanya nyuma ya rangi inaisukuma: kwanza mapovu, kisha magamba, kisha unga mweupe sakafuni kila asubuhi. Fundi rangi analijua hili kuliko mimi. Ukimwambia nyumba inauzwa, atapiga skimu na rangi ya mafuta, na kweli ukuta utang'aa kama kioo, mpaka Aprili. Rangi ya mafuta huuziba ukuta usipumue, unyevu unatafuta njia juu zaidi, na ule mstari wa unyevu uliokuwa magotini unahamia kiunoni. Kwa hiyo pesa ya rangi haikupotea tu, imelikuza tatizo.

Dawa yake haipigiki picha. Ni kuyapeleka maji ya paa mbali na msingi, kubandua plasta mpaka juu ya mstari wa unyevu, kuuacha ukuta ukauke wakati wa kaskazi, kisha kupiga plasta upya kwa mchanga wa mto. Nyumba za zamani za mawe na chokaa zinataka chokaa tena. Ukizikandika saruji unaufungia unyevu ndani. (Wazee waliopaka chokaa kila sikukuu ilipokaribia hawakuwa wakitafuta urembo peke yake.) Bati vivyo hivyo: upepo wa bahari haulionei huruma bati jembamba, na wengi bado wanadhani geji 30 ni nene kuliko 28 kwa kuwa namba ni kubwa.

Kuna maboresho mengine hayali hata mfuko mmoja wa saruji. Zamani mthamini alihesabu maendelezo tu: nyumba, minazi, miembe. Ardhi tupu haikuwa na bei kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikatambua kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, lakini wauzaji wengi tumebaki na akili ya zamani, tunazidisha matofali juu ya kiwanja kinachoshikiliwa na karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Bila hati, mnunuzi anayetegemea mkopo wa nyumba wa benki unamkosa. Unabaki na wenye fedha taslimu, nao wanajua kubana. Na anayekarabati atunze risiti. Kodi ya mauzo ya nyumba kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, na gharama za ukarabati zenye ushahidi huipunguza faida hiyo. Pesa uliyomlipa fundi mkononi bila karatasi haihesabiki siku ya kupiga kodi.

Mwaka jana, masika yakielekea mwisho, nilimsindikiza jirani yangu kuonyesha nyumba yake Makorora. Alikuwa ameshafuata ushauri wa dalali wote: gipsamu sebuleni, marumaru, geti lenye maua ya chuma, pevingi ua mzima. Mnunuzi alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu kutoka Muheza. Gipsamu hakuitazama. Alisogeza kochi, akaweka kiganja ukutani, akakigeuza kutuonyesha: cheupe.

“Mwanangu, hii chumvi.”

“Ni vumbi la mafundi, mama.”

“Haya. Na chemba iko wapi?”

Jirani yangu akaangalia chini. Ua ulikuwa umenyooka kama mkeka mpya, pevingi nyekundu na kijivu, hakuna mfuniko wa shimo la maji taka popote. Mafundi walikuwa wameifunika.

“Karo likijaa,” mama akauliza kwa upole kabisa, “gari la kunyonya litapitisha mpira wapi?”

Alitaja bei yake, pungufu ya milioni sita kwa ile iliyotangazwa, akaaga. Dalali njia nzima alilalamika kwamba wateja wa siku hizi wanachunguza kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata nilipita pale nikamkuta jirani yangu amechuchumaa na nyundo na tindo, anabandua pevingi alizozilipia mwezi mmoja nyuma, moja baada ya moja, anaitafuta chemba.